TAA ZA DHARURA: JENERETA PEKE YAKE HAITOSHI

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa tahadhari kabla ya hatari. Methali hii tunaiandika katika insha kila muhula mpaka kalamu zinaisha wino, lakini ni wangapi kati yetu huitia maanani tukiwa tumejazana ukumbini jioni? Katika makala haya ningependa kukueleza juu ya taa za dharura, yaani zile taa zinazotakiwa kuwaka zenyewe pindi stima inapopotea, ili watu waone mlango na watoke salama.

Nimechagua mada hii kwa sababu wazazi wetu, katika mkutano wao, wamekubaliana kununua jenereta. Watahiniwa wa kidato cha nne watapata kusoma jioni, na michezo ya kuigiza ya chama chetu haitakatizwa tena katikati. Sisi sote tulishangilia. Hata hivyo, mjomba wangu ambaye ni fundi wa stima mwenye leseni (mimi humbebea ngazi wakati wa likizo, naye pia huniita mjomba) aliniuliza swali moja tu: "Sasa mjomba, hiyo jenereta itajua mlango wa ukumbi uko wapi?" Nilicheka kwanza. Halafu akaanza kunieleza, na hayo aliyonieleza, pamoja na niliyoyasoma mwenyewe, ndiyo nakuletea hapa.

STIMA HUPOTEA, TUTAKE TUSITAKE

Kuna watu hudhani kuwa stima hupotea kwa sababu ya uzembe tu. La hasha! Mnamo tarehe 7 Juni 2016, tumbili mmoja alipanda juu ya paa la kituo cha kuzalisha umeme cha Gitaru, akaangukia transfoma. Transfoma ikazima, mitambo mingine ikazidiwa na mzigo, na nchi nzima ikaingia gizani. Sehemu nyingine zilikaa zaidi ya saa tatu bila stima. Kampuni ya KenGen ilitangaza kuwa tumbili mwenyewe alinusurika.

Tarehe 25 Agosti 2023 giza lilirudi tena nchini, na safari hii sehemu nyingi zililala bila stima. Hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta uliguswa, manake jenereta iliyotarajiwa kuhudumia sehemu yake moja haikuwaka. Waziri wa uchukuzi wa wakati huo aliwaomba wananchi radhi. Zingatia jambo hili vizuri, msomaji. Jenereta ilikuwepo. Kuwa na jenereta na kuwa na taa ni mambo mawili tofauti, kama vile kuwa na jembe na kuwa na mahindi.

GIZA NDILO HUUA

Huenda ukasema, "Aa, giza ni giza tu, tutawasha simu." Lakini giza katika nyumba iliyojaa watu si giza la kawaida. Tarehe 30 Desemba 1903, ukumbi wa michezo wa Iroquois huko Chicago, Marekani, ulishika moto wakati wa maonyesho. Taa zikazimika na zaidi ya watu 600 wakafa, wengi wao wakiwa wanawake na watoto. Tarehe 28 Novemba 1942, mjini Boston katika nchi iyo hiyo, klabu ya Cocoanut Grove iliungua. Taa zilizimika, mlango mkuu uliokuwa wa kuzunguka ukakwama, na milango mingine ilikuwa imefungwa. Watu 492 waliangamia.

Baada ya msiba huo wa pili, Wamarekani walikaza sheria zao kuhusu milango ya kutokea na taa za dharura. Kwa hivyo ukisoma kanuni za umeme ukaona zimejaa masharti mengi ya kuchosha, usidhani ziliandikwa na watu waliokosa kazi ya kufanya. Nyuma ya sharti hupatikana makaburi.

Nasi hapa kwetu tumelia. Mwezi wa Machi 2001, wavulana 67 walifariki katika moto wa bweni la shule ya Kyanguli kule Machakos. Bweni lilikuwa na mlango uliofungwa kwa kufuli na madirisha yenye vyuma. Hapo taa peke yake isingeweza kuwaokoa. Nalitaja jambo hili ili tuelewe kwamba taa ya dharura juu ya mlango uliofungwa kwa kufuli ni pambo. Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 unasema waziwazi kuwa milango ifunguke kwa nje na isifungwe kwa nje wanafunzi wakiwa ndani. Tuanze na mlango, kisha ndipo tuweke taa.

SEKUNDE KUMI

Sasa tuingie katika kiini cha mambo. Stima ikipotea, jenereta ya dizeli haiwaki papo hapo kama balbu. Lazima betri yake izungushe injini, injini ishike, ipate kasi, na volti zitulie. Hata jenereta nzuri inayojiwasha yenyewe huhitaji sekunde kadhaa. Kanuni ya Taifa ya Umeme ya Marekani, katika ibara yake ya 700, inasema kuwa stima ya dharura ipatikane katika muda usiozidi sekunde 10. Waingereza na nchi za Ulaya nao husema kuwa taa za njia ya kutokea zifikie nusu ya mwangaza unaotakiwa katika sekunde 5, na mwangaza wote kabla ya sekunde 60.

Hebu hesabu polepole: moja, mbili, tatu, mpaka kumi. Sasa fikiri uko ukumbini, giza totoro, mtu amepiga nduru nyuma yako na wanafunzi wote wanakimbilia mlango mmoja. Sekunde kumi ni nyingi mno!

Na hiyo ni jenereta inayojiwasha. Ikiwa ni ile ya kuvutwa kwa kamba, basi ni lazima mtu atafute tochi, atafute funguo, atembee hadi kibandani, amwage petroli kidogo kwa haraka, kisha aanze kuvuta. Hizo ni dakika, si sekunde.

Ndiyo sababu mafundi hutumia taa iliyo na betri yake ndani. Taa hii huchaji betri mchana na usiku stima ikiwepo. Stima ikikatika, swichi ndogo iliyomo ndani huhisi kuwa volti zimeisha na kuiunganisha taa na betri mara moja. Kazi ya betri ni kuziba lile pengo, na jenereta ikishika, betri inaanza kuchaji tena. Kwa ufupi, betri hutupa upesi na jenereta hutupa muda mrefu. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Hapa pana jambo moja ambalo hata mafundi wengine hukosea. Taa hiyo ya betri iunganishwe na saketi ileile ya taa za kawaida za mahali hapo, lakini kabla ya swichi ya ukutani. Kwa nini? Chukua mfano wa kishoroba chetu. Fyuzi ya taa za kishoroba ikiungua, stima ya shule nzima bado ipo. Jenereta haitawaka, manake kwake yeye kila kitu ni shwari. Kishoroba kitakuwa giza huku ofisi ya mwalimu mkuu ikimetameta. Taa ya betri iliyounganishwa na saketi ya kishoroba ndiyo pekee itakayojua kuwa kishoroba kimekufa.

SAKETI YAKE PEKE YAKE

Sharti jingine kubwa ni kuwa taa za dharura zinazolishwa na jenereta ziwe na saketi yake peke yake. Kanuni ya Marekani niliyoitaja inakataza kabisa kuunganisha kifaa kingine chochote katika saketi hiyo, na inataka nyaya zake zipite mbali na nyaya za kawaida. Si ubinafsi huo. Tutazame hesabu ya ukumbi wetu, ile tunayoifanya katika somo la fizikia.

Nimeuzunguka ukumbi wetu na daftari. Una milango mitatu. Nikaweka taa moja ndani juu ya kila mlango na moja nje, jumla 6. Ngazi za jukwaani zinahitaji 2, kishoroba kinahitaji 2, na katikati ya ukumbi 4. Jumla kuu ni taa 14. Tukitumia taa za LED za wati 10 kila moja:

Taa 14 mara wati 10 ni wati 140.
Wati 140 gawanya kwa volti 240 ni karibu ampea 0.6.

Umeona? Ni kidogo mno. Ukitaka kujua ni kidogo kiasi gani, jagi moja la kuchemshia wageni chai huwa na wati 2,000 hivi. Jagi hilo moja hula stima zaidi ya mara 14 ya taa zote zinazoweza kuokoa maisha yetu.

Sasa tuseme wazazi wametununulia jenereta ya kilovolti-ampea 5. Kwa mzigo wa kawaida tunazidisha kwa 0.8, nayo inatupa wati 4,000. Siku ya kuwatuza wanafunzi, jagi limewashwa (wati 2,000), vyombo vya muziki vinanguruma (wati 1,000), na katibu ameona heri atoe nakala za ratiba kwa fotokopi (wati 1,500). Jumla ni wati 4,500, nazo taa bado hatujazihesabu! Jenereta itazidiwa, swichi yake ya usalama itaanguka, na kila kitu kitazimika, taa za dharura zikiwemo. Hapo chai ndiyo imetutia gizani.

Dawa yake ni kutenga. Katika sanduku la fyuzi, taa za dharura zipewe nafasi yao, na ule mzigo mwingine uwe upande ambao unaweza kukatwa bila kuzigusa. Tena afadhali taa zenyewe zigawanywe katika saketi mbili, saba huku na saba kule, zikipishana. Saketi moja ikikufa, bado kila mahali patabaki na taa inayowaka. Sheria za Marekani zinasisitiza kuwa taa moja ikiungua, pasiwe na mahali panapoachwa katika giza kabisa.

Fauka ya hayo, moto unaweza kula nyaya. Ikiwa taa za dharura zinategemea waya mmoja kutoka kwa jenereta, na waya huo unapita juu ya dari pamoja na nyaya nyingine zote, moto wa darini utakata vyote kwa pamoja. Kwa hivyo waya wa aina hiyo huwa wa kustahimili moto na hupitishwa njia yake. Taa yenye betri ndani haina shida hiyo. Waya wake ukiungua, itadhani stima imepotea, nayo itawaka! Kuharibika kwa waya ndiko kunakoiamsha.

TAA ZIKAE WAPI, NA KWA MUDA GANI?

Si lazima ukumbi ung'ae kama mchana. Kipimo cha mwangaza huitwa luksi. Kanuni za Ulaya hutaka angalau luksi 1 katikati ya njia ya kutokea. Huwezi kusoma kitabu vizuri kwa mwangaza huo, lakini utaona kiti kilichoanguka na utaona ngazi inaanzia wapi. Wamarekani hutaka zaidi, wastani wa kama luksi 10 mwanzoni.

Mahali pa kuweka ni pale mtu anapoweza kujikwaa au kupotea: kila mlango wa kutokea, kila ngazi, kila pembe ambapo njia inageuka, karibu na mtungi wa kuzima moto, na nje ya mlango wa mwisho. Huko nje husahaulika sana. Mtu akitoka kwenye nuru akaingia gizani husimama, na wa nyuma yake wanamsukuma.

Kuhusu muda, Wamarekani hutaka angalau dakika 90. Waingereza huanzia saa 1, lakini mahali watu wanapolala hutaka saa 3. Hesabu yake ni rahisi. Taa inayotumia wati 3 kutoka kwa betri kwa saa 3 hula wati-saa 9. Ikiwa betri ni ya volti 3.6, basi tisa gawanya kwa 3.6 ni ampea-saa 2.5. Betri huchoka kadiri inavyozeeka, kwa hivyo fundi hodari huweka kubwa kidogo kuliko hesabu.

CHENJIOVA

Mahali stima ya laini na stima ya jenereta zinapokutana huwekwa swichi iitwayo chenjiova. Ile ya mkono huwa na nafasi tatu: laini, zima na jenereta. Haiwezekani kabisa kuwa kwenye laini na jenereta kwa wakati mmoja, kwani lila na fila hazitangamani. Ile inayojiendesha hupima volti za laini. Zikishuka, huiamuru jenereta iwake, husubiri itulie, kisha hugeuza. Stima ikirudi haigeuzi kwa pupa, bali husubiri dakika chache kuhakikisha kuwa imerudi kweli.

Kuna watu wasio na chenjiova ambao hutengeneza waya wenye plagi ncha zote mbili, wakachomeka ncha moja kwa jenereta na nyingine kwa soketi ya ukutani. Ndugu zangu, hiyo ni kuchimba kaburi! Kwanza, plagi ikichomoka, vyuma vilivyo wazi vina volti 240. Pili, stima ya jenereta hurudi nyuma mpaka kwenye transfoma ya barabarani. Transfoma ile hushusha volti 11,000 ili tuzitumie nyumbani. Ikilishwa kinyume, huzipandisha. Fundi aliye juu ya mlingoti, akiamini laini imekufa, anaweza kuuawa na jenereta ya mtu anayetazama mpira.

Pia jenereta isiwekwe ndani ya chumba kilichofungwa, wala chini ya dirisha la darasa. Moshi wake una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, nayo huua mtu akiwa amesinzia. Na waya wa ardhini, ule mafundi huuita athi, usiachwe eti kwa kupunguza gharama.

Kazi hii yote ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia mambo ya kawi nchini chini ya sheria ya mwaka 2019. Kujua waya mwekundu na mweusi hakumfanyi mtu kuwa fundi.

KUPIMA NI LAZIMA

Turudi kwa jenereta inayokataa kuwaka. Mara nyingi shida huwa ni betri ya kuwashia iliyokufa kimyakimya, au dizeli iliyokaa muda mrefu ikaingia maji. Mambo haya hayaonekani kwa macho. Yanajulikana kwa kupima tu.

Wamarekani hutaka jenereta ya dharura iendeshwe kila mwezi kwa dakika 30, ikiwa imebeba angalau asilimia 30 ya mzigo wake. Kuiwasha bila mzigo haisaidii sana, kwani injini ya dizeli isipofanya kazi ya kutosha hujaa masizi. Taa za betri nazo hujaribiwa kwa muda mfupi kila mwezi, na mara moja kwa mwaka huachwa ziwake muda wote uliowekwa, kwa mfano saa 3, ili kujua ni ipi itakayozima kabla ya wakati. Matokeo huandikwa katika kitabu. Kazi hii haihitaji pesa, inahitaji mtu mwaminifu, saa ya mkononi na kalamu. Sisi wanafunzi wa fizikia tunaweza kuifanya tukisimamiwa na mwalimu wetu.

OMBI LANGU

Walimu wetu wapendwa na wanafunzi wenzangu, siandiki haya ili kuwapinga wazazi. Wametujali, na tunawashukuru. Ombi langu ni kwamba kabla jenereta haijafika tuwaombe wamuulize fundi maswali haya matano. Mosi, taa za milangoni zitawaka baada ya sekunde ngapi? Pili, saketi yake ni yake peke yake, au inashirikiana na jagi la chai? Tatu, chenjiova ni ya aina gani, na imefungwa wapi? Nne, fyuzi ya kishoroba ikiungua peke yake, ni taa gani itakayowaka? Tano, nani atapima kila mwezi, na kitabu kitakaa kwa nani?

Fundi akijibu yote bila kigugumizi, basi alipwe na akaribishwe chai. Akishindwa na swali la nne, atafutwe mwingine.

Na ikiwa pesa hazitatosha kununua vyote, mimi naona heri tuanze na taa za betri pale milangoni na kwenye ngazi, halafu jenereta ifuate muhula mwingine. Mchezo wa kuigiza unaweza kuahirishwa wiki moja, na hesabu zinaweza kumalizwa kesho yake mchana. Ila wanafunzi zaidi ya mia tatu walio ndani ya ukumbi wenye milango mitatu ni lazima waione milango hiyo usiku uo huo stima inapopotea. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.